Tulivyokwenda Itigi Kutafuta Tela la Magari

Ndugu zangu wa Kinampanda, na ninyi wanakwaya mnaonisimamisha Jumapili kabla sijafika hata mlangoni, naandika haya ili nipumzike kusimulia. Kila mtu ameshasikia kipande chake. Mmoja aliambiwa tulipata ajali, mwingine aliambiwa tulitapeliwa. Yote si kweli. Kaka Zefania mwenyewe ameniambia niandike kila kitu, na nisifiche jambo kwa ajili yake. Nimemuuliza mara mbili kama ana hakika. Amesema ana hakika.

Kwa ambaye hatufahamu: kaka ni fundi wa kuchomelea, mimi, Mama Lea, nauza spea za magari, na tunafanya kazi katika uwanja mmoja. Magari yakiharibika kule Mlima Sekenke, tunapigiwa simu sisi. Tunakwenda na pikapu yetu, tunafunga kamba, tunavuta. Safari moja kamba ilikatika kwenye mteremko, na gari ya mwalimu mmoja ikarudi nyuma yenyewe mpaka ilipoegemea jiwe. Yule mwalimu alikuwa ndani, ameshika usukani. Hakuumia, lakini tangu siku ile mimi na kaka tulikubaliana kwamba kamba basi. Tunahitaji tela la kubeba gari zima.

Tulichoshindwa kukubaliana ni kama tujenge au tununue. Kaka alitaka kujenga. "Tela la dukani limetengenezwa kwa barabara za wenzetu," alikuwa akisema. "Mashimo ya huku nayajua mimi." Mimi nilitaka kununua. Niliogopa magurudumu yakikaa upande hata kidogo, tela litakuwa linayumba kama mlevi na kutafuna tairi. Tena nilijua kila mteja wa geti angetangulizwa, na tela letu lingekaa uani mpaka kuku watage ndani. Tulibishana miezi. Mwisho tukasema twende tukaone kwa macho: vyuma pale Singida mjini, halafu tela la kuuzwa ambalo dalali mmoja wa Mkiwa alituambia lipo.

Kinampanda hadi Singida mjini

Tuliondoka asubuhi ya baridi, umande ukiwa bado kwenye alizeti. Nyuma ya pikapu tulikuwa na jeki, kamba, na ndoo ya viazi vitamu aliyotufungia wifi Raheli, mke wa kaka, akisema tusithubutu kurudi nayo. Kaka alizunguka gari, akagonga tairi kwa kiatu, halafu akafungua mlango wa kushoto na kukaa.

"Huendeshi?" nikamuuliza.

"Endesha wewe. Mgongo unanisumbua."

Kusema kweli nilifurahi. Kaka si mtu wa kumwachia mwenzake usukani, hasa mdogo wake, hasa mwanamke. Nikaendesha kama mtu aliyepewa cheo.

Tulipofika lami tu, tairi la nyuma likaisha upepo. Kaka alisema nikae, atabadilisha yeye. Nilishuka hata hivyo kunyoosha miguu. Alifungua nati zote vizuri, mikono yake ni myepesi siku zote. Lakini nati moja ilimponyoka, akaanza kuitafuta kwa kupapasa vumbi. Alipapasa mbele, akapapasa chini ya gari, akapapasa tena mbele. Nati ilikuwa kando ya kiatu chake, inang'aa juani.

"Si hiyo hapo, kaka."

"Nimeiona," akasema, na bado mkono wake ukaikosa mara moja kabla ya kuikamata.

Nilidhani mgongo unamfanya asipende kugeuka. Nilikuwa na maelezo ya kila kitu safari ile.

Dukani kwa mwenye vyuma

Singida kulikuwa na upepo wa ziwani unaofunga macho. Tulianza na chai kwenye kibanda karibu na stendi, supu ya kuku na chapati. Kuku alikuwa wa kienyeji kweli, alipigana mpaka mfupa wa mwisho. Kaka akavuta kibakuli kilichokuwa mbele yake, akatia vijiko viwili kwenye chai, akakoroga. Kile kilikuwa kibakuli cha chumvi. Nilifungua mdomo nimwambie, lakini alikuwa ameshapiga funda. Nikaona uso umekunjamana kidogo. Halafu akanywa yote, polepole, mpaka chini, akasema chai ya mjini ni nzuri.

Nilicheka moyoni. Nikasema huyu mawazo yake yako kwenye vyuma vya tela, chaneli na mabapa.

Duka la vyuma lilikuwa la kijana mmoja mpole. Kaka alisalimia, akaeleza tela analotaka, na alieleza vizuri hata wateja wengine wakasogea kusikiliza. Chaneli nzito pembeni, bapa katikati, bati lenye vipele la kupitishia matairi. Nilimtazama nikasema moyoni labda kweli tujenge. Mtu anayeliona tela lote kichwani namna ile anaweza kulijenga.

Kisha akaomba futi apime chaneli mwenyewe. Akainyoosha, akaishika karibu na uso, akaisogeza mbali, akairudisha.

"Hii inchi nne," akasema.

"Hiyo ni tatu, mzee," kijana akasema taratibu. "Nne ni ile ya kule."

"Nimeanza kazi hii hujazaliwa."

"Sawa mzee, lakini..."

"Nimesema nne."

Yule kijana akanitazama mimi. Nikachukua futi, nikatazama. Ilikuwa tatu, wazi kabisa. Nikaona aibu kumwambia kaka mbele za watu, nikasema bei tutairudia kesho, nikamshukuru kijana tukatoka. Tukaenda kulala gesti. Na kuanzia hapo kaka hakutaja tena kujenga. Nilidhani ameogopa bei ya vyuma, na nikajisifu kwamba nimeshinda ubishi bila kubishana.

Mkiwa

Asubuhi tukapita Ikungi, tukapita Issuna, tukafika Mkiwa jua limeshapanda. Dalali alikuwa anatungoja pale njia panda, mtu mnene mchangamfu. Akatupitisha nyuma ya maduka hadi uwanjani na kutandaza mkono kama anafungua pazia.

"Tela lenu hilo."

Lilikuwa tela la trekta. Limejaa vitunguu, na juu ya vitunguu kalala mbuzi.

"Ndugu," nikasema, "sisi tulisema tela la kubebea magari."

"Si linabeba? Toa vitunguu, weka gari."

"Litapandaje?"

Akafikiri kweli kweli. "Mnaweza kulinyanyua," akasema. "Watu Mkiwa tupo."

Siwezi kumlaumu. Yeye tela analolijua ndilo hilo, na kwenye simu mimi nilisema tela na yeye akasikia tela. Tulicheka wote, hata mwenye vitunguu. Ndipo dalali akakumbuka kwamba Itigi yuko mtu anaitwa Masanja, ana kitu cha bluu chenye magurudumu manne kilichoachwa na wajenzi wa barabara, watu wanakwenda kukishangaa. Akampigia palepale. Kipo, na kinauzwa.

Tulirudi barabarani tununue mahindi ya kuchoma kabla ya kuingia njia ya Itigi. Mbele ya mashine ya kusaga alikuwa amesimama kijana wa mashine, amejaa unga tangu nywele hadi kope. Kaka akampita, akasimama, akainamisha kichwa kwa adabu.

"Shikamoo mzee."

Kijana aliduwaa. Hakujua aitikie au akimbie. Wanawake waliokuwa kwenye foleni ya kusaga wakaangua kicheko, na kaka naye akacheka, akampiga kijana begani mpaka unga ukaruka. "Nakutania tu," akasema. Lakini kaka si mtu wa utani wa shikamoo. Baba alitulea kwa ukali sana kwenye jambo hilo, tuliamkia hadi wauza chumvi waliopita. Kwa mara ya kwanza kitu kikanigusa moyoni, na nikakisukuma.

Katika foleni ile mmoja hakucheka. Alikuwa bibi mwembamba, mtandio wa kijani, jogoo kwapani na ndoo miguuni. Alitufuata hadi kwenye gari akatusemesha Kinyaturu. Nikamwamkia, nikamwambia sisi ni Wanyiramba, hatusikii. Akarudia Kinyaturu kilekile kwa sauti ya juu zaidi. Tulipozidi kumtazama, akahamia Kiswahili bila haraka. Alikuwa Bibi Mwajuma wa Ikungi, binti yake amejifungua Itigi, gari aliyotegemea imejaa, na sisi tuna nafasi. Hakuwa anaomba. Alishafungua mlango.

Njia ya Itigi

Bibi alikaa katikati na jogoo wake, akazungumza vichaka vyote vya njia ile hadi vilipoisha. Alituambia habari za binti, za mkwe ambaye hajui kupika uji wa mzazi, na za asali ya Itigi ambayo mtu akidanganywa na ya Singida mjini ajilaumu mwenyewe. Alimuuliza kaka maswali mengi. Kaka alimjibu kwa heshima, amemgeukia muda wote.

Tulimshusha karibu na soko. Kaka akashuka kutoa ndoo nyuma. Hapo ndipo bibi alipoinama dirishani kwangu.

"Mwanangu, ndugu yako haoni tangu lini?"

"Anaona, bibi."

"Haoni. Huyu ananitazama sauti, hanitazami uso. Mimi nilikaa hivyo kabla ya kupasuliwa macho. Nilikuwa nasalimia miti, na wanangu wanasema bibi ana vituko." Akamshika jogoo vizuri. "Nitafikia kwa fundi cherehani mwenye mlango mwekundu. Ukinihitaji uliza hapo."

Kaka akarudi, akaniambia twende tusimcheleweshe Masanja. Niliwasha gari. Nilikuwa naihesabu ile nati, ile chumvi, ile futi na yule kijana wa unga, na kila kimoja kilikataa maelezo niliyokuwa nimekipa.

Uwanjani kwa Masanja

Tela lilikuwa zuri. Sitawadanganya. Bluu mpya, ekseli mbili, njia mbili za bati za kupandishia gari, na winchi ndogo mbele ya kuvutia gari lisilowaka. Masanja, mwanaume mrefu wa maneno machache, alikaa pembeni akatuacha tulizunguke.

Kaka alilizunguka. Akapitisha kiganja pembeni, akagonga matairi, akainua ile njia ya bati na kuishusha. Haikuchukua muda.

"Tunachukua," akasema.

Mtu aliyebishana nami miezi yote hii! Mimi ndiye niliyetaka kununua, na neno lenyewe liliposemwa likanitia baridi. Nikaanza kutazama mwenyewe. Nilitazama ekseli, springi, taa. Nikafika mbele, kwenye shingo ya tela, ule mkono wa chuma unaounganisha tela na gari. Pale shingo inapoingia kwenye fremu, chini ya rangi mpya, palikuwa na mstari. Palijazwa ile pati ambayo mafundi wa bodi huzibia mashimo, na kipande cha pati kimedondoka. Ndani mlikuwa na kutu. Ncha ya ufunguo wangu iliingia.

"Kaka, hebu njoo utazame hapa."

Akaja, akachuchumaa kando yangu. Akatazama kwa muda wa mtu anayetazama kweli.

"Nimeshapaona," akasema. "Ni rangi tu imepasuka. Hapa." Akaweka kidole.

Aliweka kidole upande wa pili wa shingo, penye chuma kizima, safi. Ufa ulikuwa kiganja kizima kutoka pale.

Masanja alikitazama kile kidole. Akanitazama mimi. Halafu akatazama viatu vyake. Hilo ndilo lililouma kuliko yote, kwa kuwa nilijua sasa tumejua watu wawili, na mmoja ni mgeni.

"Tutakula kwanza," nikamwambia. "Tutarudi."

Ugali wa mtama

Tulikaa kwenye mgahawa wa mama mmoja, ugali wa mtama, mlenda, na nyama ya kukaanga pembeni. Kaka alinawa mikono muda mrefu kuliko kawaida.

"Kaka, tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Ufa ulikuwa upande wangu. Wewe umeonyesha upande mwingine."

Alimega tonge akaliviringisha mpaka likapoa.

"Masika ya mwaka jana," akasema mwishoni. "La kulia lilianza kama mtu amepumulia kioo. Nikasema ni moshi. La kushoto likafuata."

"Na kazi?"

"Nachomelea kwa kukumbuka."

Akaendelea, amenigeukia lakini ananitazama mahali fulani juu ya bega. Geti la kanisa alilotengeneza alikuwa amerudia kulichomelea mara mbili, akifika mapema kabla ya watu. Kazi nyembamba za kutaka macho aliwaachia mafundi wenzake akisingizia mgongo. Mgongo wake ni mzima kabisa.

"Sasa kwa nini ulikuwa unataka kujenga tela, mtu huoni?"

"Nilidhani kimoja kimebaki. Kazi moja kubwa, itembee barabarani watu waseme hii ya Zefania. Halafu niache mwenyewe kabla hamjanigundua. Pale Singida niliposhindwa kusoma futi, nikajua sina hata hicho kimoja."

"Na leo ukasema tunachukua."

"Tukinunua, hakuna wa kuniuliza kwa nini sikujenga."

Hasira ilinipanda ambayo sijawahi kuwa nayo juu ya kaka. "Kwa hiyo tungelifunga nyuma yetu tela lililopasuka shingo, tuweke gari ya mtu juu, tushuke nalo Sekenke. Umemsahau yule mwalimu? Alikuwa ndani ya gari, kaka!"

Watu waligeuka. Kaka aliinamisha kichwa.

"Ndiyo," akasema. "Ndivyo ningefanya."

Mama wa mgahawa akatujia na sahani ya pilipili ambayo hatukuagiza. "Baba, mwombe mama msamaha, chakula kinapoa."

"Huyu ni kaka yangu," nikasema.

"Hata kaka anaombaga msamaha," akasema, akaweka pilipili, akaondoka.

Kaka akacheka. Alicheka mpaka machozi, na sijui yalikuwa machozi ya kucheka yote. "Nisamehe, Mama Lea," akasema. "Ninaogopa."

Sikuwahi kumsikia akisema hivyo, hata tulipomzika baba. Nikamsogezea nyama mkononi, tukala.

Kungoja Itigi

Asubuhi nilikwenda kwa fundi cherehani mwenye mlango mwekundu. Bibi Mwajuma hakuuliza swali. Alijifunga mtandio, akamshika kaka mkono kama mtoto wa shule, akatuongoza hospitali huku akituambia benchi la kukaa na dirisha la kutolikaribia. Kaka, mtu mzima mwenye wajukuu, alikwenda bila ubishi.

Daktari wa macho alikuwa mama mwenye sauti ndogo. Alimulika, akamulika tena. Jicho la kulia lina mtoto wa jicho, akasema, hilo tutalisafisha. La kushoto lina ugonjwa mwingine, presha imelila ndani kwa ndani, na kilichokwishapotea hakitarudi. Dawa zitalinda kidogo kilichobaki.

"Nitachomelea?" kaka akauliza.

"Kwa sasa hata kuutazama ule mwanga marufuku. Vumbi na moshi vivyo hivyo. Na ukipona, baba, kazi ya kupishana unywele mwachie mwenye macho mawili."

"Hata geti?"

"Hata geti."

Akashukuru kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Ilibidi tukae. Hapa ndipo tulipochelewa, ninyi mkaanza kusema ajali. Nilimpigia wifi nikamwambia biashara ya tela ina mizunguko, jambo ambalo lilikuwa kweli. Siku ya upasuaji nilikaa nje na Bibi Mwajuma tukichambua mlenda wa binti yake. Viazi vya wifi tulimpelekea mzazi.

Walipomtoa bandeji mimi nilikuwa mbele yake. Alipepesa jicho, likatoa maji, akapepesa tena. Akanitazama usoni, mimi hasa, muda mrefu.

"Umezeeka," akasema.

Daktari alidhani tutagombana. Nilicheka, halafu nikatoka nje nikalia nyuma ya tangi la maji mpaka nikatosheka.

Shingo mpya

Tulirudi kwa Masanja, kaka na miwani myeusi ya hospitali. Alikwenda moja kwa moja mbele ya tela, akachuchumaa, akautazama ufa kwa jicho lake moja.

"Nilijua pana ufa," Masanja akasema nyuma yetu. "Nilinunua ukiwepo, nikapaka rangi. Nikasema mafundi watapaona wenyewe, wakinyamaza wameridhika. Lakini siku ile nilipoona..." Hakumaliza. "Sikulala vizuri. Kama msingerudi ningewapigia."

"Wewe umeficha ufa, mimi nimeficha macho," kaka akamwambia. "Tuko sawa. Sasa tuzungumze."

Akalikagua upya, safari hii polepole, na mimi nyuma yake. Ekseli nzima. Springi nzima. Fremu nzima kila mahali isipokuwa pale. Basi uamuzi ukatoka kwake, na wala hatukubishana hata kidogo: tutanunua tela, lakini shingo yote itakatwa na kujengwa mpya, nene zaidi, iingie ndani ya fremu na si kubandikwa mbele yake. Masanja alikubali kupunguza bei kwa ajili hiyo, na akatuletea Saidi, fundi wa kuchomelea wa jirani yake, mtu wa makamo mwenye mikono ya makovu kama ya kaka.

Kaka alimchorea shingo kwa chaki sakafuni. Kisha akakaa juu ya pipa tupu, mbali, mgongo kaupa moto, uso kaugeuzia ukuta. Saidi akawasha.

Kwa kitambo kirefu hakukuwa na sauti isipokuwa ya mashine. Halafu kaka, bila kugeuka: "Punguza moto."

Saidi alisimama, akanitazama kama kuuliza kama huyu anachungulia. Akapunguza. Kaka akaniambia baadaye kwamba chuma kikiungana vizuri kinasikika kama mafuta yanayokaanga vitunguu, taratibu, bila kurukaruka. Alisema katika ule mwaka wa kuchomelea kwa kukumbuka, masikio ndiyo yaliyomwokoa, na hata hivyo hayakutosha.

Saidi alipomaliza, akagonga takataka za juu, akapiga brashi. "Tayari, mzee. Njoo ukague."

Kaka alishuka kwenye pipa. Nilidhani anakwenda. Akanigeukia mimi.

"Kaangalie wewe. Useme unachokiona, sio unachodhani nitakipenda."

Nilikwenda, nikalala chini kabisa na gauni langu. Nilifuata mshono wote kwa macho na kwa tochi ya simu. Ulikuwa mzuri, umekaa kama magamba ya samaki. Upande wa chini, karibu na kona, nikaona kitobo kidogo kama kichwa cha kiberiti. Nilisita. Saidi alikuwa amechoka, jua lilikuwa kali, na mimi ni muuza spea tu.

"Chini, kwenye kona, pana kitobo," nikasema.

"Hiyo ni takataka tu, dada," Saidi akasema. "Haina neno."

"Ametazama yeye," kaka akasema. "Rudia hapo."

Saidi akavaa kinga yake, akarudia.

Nyumbani

Safari ya kurudi niliendesha kwa mwendo wa maharusi. Kurudi nyuma na tela sijui, kwa hiyo nilichagua kila mahali pa kusimama kama mtu anayechagua mchumba. Mkiwa dalali alitukimbilia, akalizunguka tela mara mbili, akasema sasa ameelewa. Kaka alikuwa akinisomea mabango ya barabarani yote, hata yale yasiyotuhusu.

Tuliingia Kinampanda jioni, majirani wakajaa uani kabla sijazima gari. Wifi Raheli akatoka jikoni anajifuta mikono.

"Hatimaye mmenunua au mmejenga?" akauliza.

Kaka akashuka. Akavua ile miwani myeusi, akasimama mbele ya mke wake, na watu wote pale wakisikia akasema kila kitu. Habari ya kioo kilichopumuliwa. Geti la kanisa. Mgongo wa uongo. Kidole kilichoonyesha chuma kizima. Hakuteremsha sauti. Nami nilimtazama wifi, nikingoja alie, au amkaripie, maana mtu kufichwa mwaka mzima si jambo dogo.

Wifi alimtazama lile jicho, moja kwa moja, akalichunguza kwa karibu.

"Zefania," akasema, "wewe unadhani nani alikuwa anaondoa viti njiani kila jioni kabla hujaingia?"

Kaka akatafuta pa kukaa, akakaa palepale kwenye ukingo wa tela. Wifi akaja akakaa naye, na sisi wengine tukaondoka uani mmoja mmoja.